Nyongeza ya Fundi Wagdi

Ukitaka kumjua shemeji yangu Wagdi, mwombe chumvi. Utaletewa chumvi, na ndimu juu yake, na bizari ambayo hukuiomba, kisha utaulizwa kama nyumbani mafuta yapo. Dada yangu Nagla ameolewa naye miaka thelathini na mpaka leo hajamwona akifunga mfuko ukafungika. Mimi namsema kwa sababu ni shemeji yangu na haki hiyo ninayo. Mtu mwingine akimsema mbele yangu, atanijua.

Amezaliwa Damanhur, nyuma ya duka la nafaka la baba yake. Mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja tu ya biashara: ukishapima adesi na mizani ikatulia, chota konzi moja ya juu, tia, ndipo ufunge. Mizani ni haki ya mteja, alikuwa akisema, na konzi ni haki ya jina lako. Wagdi alifundishwa hilo kabla hajajua kusoma. Kusoma kwenyewe kulikuja baadaye na kwa tabu, lakini konzi ilimkaa mkononi moja kwa moja.

Mtu wa namna hiyo ndiye Mungu aliyemleta Dahab, pwani ya Sinai, akampa kazi ambayo konzi moja inaweza kuua mtu.

Wagdi anachanganya hewa za wazamiaji. Mzamiaji wa kawaida hujaziwa hewa hii hii ninayopumua mimi na mbuzi wa jirani, anakwenda kutazama samaki, anarudi, anakula. Lakini wapo wasioridhika mpaka wafike mahali ambapo mchana unakuwa magharibi, na hao hewa ya mbuzi haiwafai. Sababu yake Wagdi alinieleza mara nyingi, mimi nikawa naitikia tu huku nasuuza nguo za mpira, mpaka siku moja ikaniingia. Oksijeni ni rafiki wa huku juu. Ukishuka nayo, maji yanaibana, na ikibanwa kupita kiasi chake inageuka sumu. Mtu anapigwa degedege, mdomo wa kupumulia unamtoka, na habari yake inaishia hapo hapo. Kwa hiyo anayekwenda chini sana hupunguziwa oksijeni, na pengo linajazwa heliamu, ile hewa ya maputo ya arusi, ambayo haimdhuru mtu na tena inamwachia akili zake kule chini. Akianza kupanda anabadili mitungi njiani, kila mtungi na kina chake. Akifika mita sita anaruhusiwa kuvuta oksijeni tupu, na hata hapo kwa vipindi, kama dawa ya kikohozi.

Basi kila mtungi unabandikwa utepe, na juu ya utepe huandikwa kiasi cha oksijeni, kina usichotakiwa kukivuka nao, na jina la aliyepima. Anayepima si fundi. Ni yule atakayeuvuta. Ndiyo sheria ya wazamiaji wa dunia nzima: hewa yako unaipima mwenyewe, hata kama aliyekuchanganyia ni mama aliyekuzaa.

Hapo ndipo Wagdi alipokosana na dunia nzima. Kwake yeye, kumpima fundi mbele ya uso wake ni sawa na kualikwa chakula ukahesabu nyama kwenye sahani. Kwa wageni alivumilia. Mgeni hajui adabu za watu, alisema, mwacheni apime. Na mgeni alimchanganyia sawasawa: akitaka oksijeni thelathini na mbili katika mia, ile ya watu wa kina kifupi wanaotaka kukaa chini muda mrefu, anapata thelathini na mbili, wala nukta haizidi. Lakini ukiwa mtu wake, ukawa umekunywa chai yake na kumuuliza hali ya mama yake, ulipata thelathini na tatu. Ukiwa umewahi kuzika naye mtu, thelathini na tatu na nusu. Alikukabidhi mtungi akikupigapiga begani, akakunong'oneza kwamba wa kwako ameutazama kwa jicho jingine.

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia. Kwa hiyo watu wote wa Dahab waliopendwa na Wagdi walipima mitungi yao nyuma ya gari la Kapteni Sweilam, wakiinamia kipimo kama watu wanaokula mchana wa Ramadhani. Wakiona imezidi kidogo, walipunguza kina cha safari yao siku hiyo. Ikizidi zaidi, waliimwaga yote mchangani, wakarudi kusema mpira wa koki unavuja, tafadhali fundi. Wagdi alijaza upya huku akiwahurumia kwa mipira yao mibovu, na mara ya pili mkono wake ulikuwa umepoa, hewa ikatoka sawa. Sweilam mwenyewe, mwenye kituo cha kuzamia tunachofanyia kazi, Mbedui wa kabila la Muzeina asiyemwogopa mtu wala papa, nimemwona kwa macho yangu akichungulia kona ya ukuta kabla hajatoa kipimo mfukoni. Miaka ishirini na miwili mji mzima ulikula njama ya kumheshimu mtu mmoja.

Nami nilikuwa mkuu wa njama hiyo, sijitoi. Kazi yangu pale kituoni ni kusuuza nguo za mpira na kupika ful, yale maharage ya asubuhi, na kibanda changu kinatazama mlango wa chumba cha hewa. Wagdi akitoka nje, nilikohoa. Kila mtu alijua maana ya kikohozi changu.

Na heliamu alikuwa na ugomvi nayo wa pekee. Aliiita maji ya maziwa. Kwao Damanhur mtu aliyetia maji kwenye maziwa hutajwa kwa jina mpaka kwa wajukuu zake, na Wagdi hakuona kwa nini aje Sinai kufanya jambo ambalo baba yake asingelifanya. Aliichanganya, maana ndiyo kazi, lakini siku za heliamu alikuwa na uso wa mtu anayetia sahihi kwenye karatasi asiyoiamini. Nilimtania sana. Nilimshauri aivute yeye mwenyewe kidogo, huenda ikamtengenezea sauti, maana aliyonayo ni ya kufukuzia kunguru.

Rabab ni binti yake, mtoto wa dada yangu. Wagdi alipokuja Dahab kutafuta maisha, mama yake alikuwa ameshaanguka kitandani, na Nagla akabaki Damanhur kumuuguza. Mtoto alikuwa na miaka minne. Ilitakiwa iwe mwaka mmoja tu. Bibi yule alilala kitandani miaka kumi na tatu mpaka Mungu alipomchukua, na Rabab akakua akimwona baba yake sikukuu kwa sikukuu. Wagdi akishuka basi alikuwa haonekani kwa maboksi: tende, mashuka, makoti ya mikono mirefu yaliyoachwa na wageni, na mwaka mmoja viatu vya kuzamia, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Alimletea mtoto kila alichoweza kubeba, akakaa siku tano, akaondoka. Kwamba siku tano hazikutosha, hilo analijua. Hakuwahi kulisema, lakini kila alipompa mtoto kitu niliona mkono wake unataka kufidia miaka yote kwa mara moja, na mimi ninayemcheka kila siku, hapo sikuwa namcheka.

Rabab alitufuata Dahab akiwa na miaka kumi na saba, akajifunza kuzamia, na leo ana ishirini na sita na anaongoza wageni. Ana ulimi wa kwetu na nyusi za Wagdi. Kapteni Sweilam aliona ana kichwa kilichotulia, akamtia kwenye mafunzo ya vina virefu pamoja na vijana wawili wa Kiitaliano. Jaribio la mwisho lilikuwa mita sitini na tano, kwenye ukuta wa chini ya maji, nje ya mwamba. Akifaulu hapo angepewa kazi ya kuwashusha wazamiaji wa kina kirefu, kazi aliyokuwa akiililia miaka mitatu. Hewa iliyoagizwa ni oksijeni kumi na nane katika mia, heliamu arobaini na tano, na inayobaki ni naitrojeni ya hewa ya kawaida. Kwa kumi na nane unaweza kushuka hadi mita sitini na saba. Sweilam aliiandika ubaoni kwa herufi za kumtosha hata kipofu.

Siku moja kabla ya jaribio, baada ya alasiri, Wagdi alikuja kibandani kwangu kunywa chai. Akatia sukari, akakoroga, akatia tena.

"Shemeji," akaniambia, "yule mwehu anayelala nyuma ya msikiti anavuta ngapi?"

"Kwa siku? Pakiti nzima."

"Hewa, we mwanamke. Oksijeni anavuta ngapi?"

Nikamwambia sijampima. Akasema ni ishirini na moja, kama mimi, kama yeye, kama mbuzi. Mungu kaigawa bure wala hakuuliza huyu ni mtoto wa nani. Kisha akakodolea macho kikombe chake.

"Na mimi nimchanganyie mwanangu kumi na nane," akasema. "Chini ya mwehu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia basi amchukue huyo mwehu akazame yeye. Akacheka naye, akamaliza chai, akarudi chumbani kwake, nikasikia koki zikifunguliwa na kufungwa. Kicheko kile bado kinanisumbua.

Asubuhi Rabab aliibeba mitungi yake pacha mpaka nyuma ya gari, kama nilivyomzoesha. Nilimfuata na mwiko mkononi. Aliwasha kipimo, akakitega kwanza kwenye upepo kama inavyotakiwa, kikasoma ishirini nukta tisa. Akakipeleka kwenye koki, akaifungua taratibu, tukangoja namba ishuke. Haikushuka. Akarudia. Akapima mitungi ya Waitaliano iliyokuwa imeshapakiwa: kumi na nane, na kumi na nane nukta moja. Akarudi kwenye ya kwake. Ishirini nukta tisa, ile ile ya mwehu.

Hewa ya namna hiyo mwisho wake ni mita hamsini na sita. Wapo waliowahi kuivusha hapo wakarudi na hadithi ya kusimulia, na wapo waliorudishwa na wenzao. Hakuna anayeweza kukwambia mapema wewe utakuwa kundi gani, na mtu yule yule aliyepona jana anaweza asipone leo.

Nikampa dawa yetu ya siku zote. Aimwage pale pale, aseme mpira unavuja, baba yake atajaza upya na mkono utakuwa umepoa. Safari itachelewa saa mbili tatu, nani atakufa kwa hilo? Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu.

"Mama mdogo, mmefanya hivi tangu lini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa fahari, Mungu anisamehe, kwamba tangu yeye ana meno ya utoto.

"Na kesho akimpenda mtu asiyejua kuja nyuma ya gari?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia yule ni baba yake, ana miaka hamsini na minane, na jina lake ndiyo mali pekee aliyorithi. Ukimpima mbele ya watu, nikamwambia, utamuua. Akanijibu kwa upole kwamba yeye pia hana haja ya kufa leo. Akaibeba mitungi, akaizunguka kona ya ukuta. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha kuamsha mji. Hakugeuka.

Wagdi alikuwa amesimama mlangoni pake akifuta mikono. Sweilam alikuwa anakaza mikanda ya mizigo, na Waitaliano wawili wamekaa kwenye benchi wanakula ful yangu. Rabab akaiweka mitungi chini mbele ya miguu ya baba yake, akatoa kipimo mfukoni. Nikaona Sweilam anauachia mkanda.

"Rabab," Wagdi akasema. Hilo tu.

"Naam, baba," akajibu, na akafungua koki.

Kipimo kikasoma kilichosoma. Wagdi akakitazama, akasema betri imechoka. Rabab akakipeleka kwenye upepo, ishirini nukta tisa. Akakirudisha kwenye mtungi, ishirini nukta tisa. Waitaliano wakaacha kutafuna. Wagdi akasema basi kipimo chenyewe kimekwama. Rabab akamwomba alete cha kwake. Fundi anacho chake, kikubwa, amekivika kitambaa kama msahafu na kukiweka juu ya rafu, lakini hakuinua mguu kwenda kukichukua.

"Hakijakwama," akasema mwishowe. "Nilikupa sawa na watu wote."

"Hiyo Mungu aliwapa watu wa huku juu, baba. Mimi nakwenda chini."

"Ni tatu tu nilizozidisha."

"Najua."

"Waulize wageni kama niliwahi kuwazidishia. Waulize. Lakini wewe ningekupaje pungufu?" Ile sauti ya kufukuzia kunguru ilikuwa imekwisha kabisa, nilitega sikio ili nimsikie. "Pungufu nilikupa miaka kumi na tatu."

Rabab akauma mdomo. Nilidhani atalegea, na mimi mwenyewe nilishalegea, machozi yananidondokea kwenye mwiko. Akainama, akafungua koki zote mbili mpaka mwisho. Hewa ikatoka kwa mlio wa kutoboa masikio, vumbi likapanda, mbuzi wa jirani akakimbia. Ilichukua dakika nyingi. Rabab akasimama muda wote karibu na baba yake, ameushika mkono wa shati lake, wakiitazama nyongeza yake inavyokwenda na upepo.

Kimya kiliporudi, Wagdi alimgeukia Sweilam.

"Na ya kwako, Kapteni? Huwa ngapi?"

Yule asiyeogopa papa akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria.

"Thelathini na tatu na nusu," Sweilam akasema.

"Umeipima lini?"

"Kila siku."

"Wapi?"

Sweilam akaonyesha gari kwa kidevu. Wagdi akalitazama lile gari, akautazama ukuta, akatazama mchanga wa pale nyuma ulivyokanyagwa na viatu vya mji mzima. Kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, kile kikohozi chako."

"Vumbi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Alisema kwamba miaka yote alidhani anatoa, kumbe alikuwa anavumiliwa. Sweilam akamkaribia, akamwambia kwamba walimpenda, na kwa kumpenda wakamdanganya, na kosa ni lao. Akamwambia pia, bila kuzungusha maneno, kwamba kuanzia leo kila mtungi utapimwa mlangoni mbele ya fundi, na fundi asiyeweza hilo itabidi ampishe mwingine. Kwa leo, akasema, kama Wagdi hajisikii, yeye Kapteni ataiomba hewa ya Rabab kwenye kituo cha jirani.

Wagdi alikuwa anatazama mikono yake. Nikajua kama mitungi ile itakwenda kwa jirani, hatarudi tena kwenye chumba kile, atapanda basi la Damanhur na kwenda kukaa kwenye kiti cha baba yake.

"Atajaza baba," Rabab akasema.

Wakaingia wote wawili, nami nikaingia nyuma yao bila kualikwa. Wagdi alianza na heliamu, akaijaza mpaka alama yake bila kununa. Ikafuata oksijeni. Hiyo haiharakishwi, huachiliwa kidogo kidogo kwa sababu inachemsha mtungi, kwa hiyo tulisimama pale muda mrefu, mshale wa geji ukitambaa. Nikaona umefika kwenye alama. Mkono wa Wagdi ulikuwa juu ya koki na haukufunga. Rabab alikuwa nyuma yake, angeweza kusema neno, na hakusema. Niliziba mdomo wangu kwa ncha ya ushungi nisije nikasema mimi. Wagdi akafumba macho kama mtu anayejing'oa jino, akafunga.

Akamalizia kwa hewa ya kawaida. Tukaiacha mitungi ipoe, mchanganyiko utulie. Alipokuja kupima, alishusha kile kipimo chake kikubwa kutoka kwenye rafu, akakivua kitambaa, akaenda nacho uwanjani mbele ya watu wote. Kumi na nane. Rabab akapima kwa cha kwake. Kumi na nane. Akaandika kwenye utepe, akaandika jina lake, wakapakia.

Waliingia majini baada ya adhuhuri. Katika miaka ishirini na miwili nilikuwa sijapata kumwona Wagdi akija ufukweni kumwangalia mzamiaji. Husema maji ni ya samaki na yeye ni mtu wa adesi. Siku hiyo alikuja na viatu vyake vya ngozi, akasimama kwenye kokoto. Nilimwambia aketi. Hakuketi. Nilimwambia akiendelea kusimama hivyo wageni watamtundikia taulo. Akaendelea kuyakodolea macho maji, nikaona aibu.

Alikuwa anawafuata kwa saa ya mkononi. Sasa wako arobaini, alisema, sasa wako sitini. Dakika zile za kule chini sijui kama alivuta hewa hata kidogo. Tukangoja boya. Wazamiaji wakianza kupanda hurusha boya la rangi ya machungwa ili watu wa juu wajue walipo. Lilipochomoza mbali kule nje ya mwamba, nilipiga kigelegele. Wagdi akaniambia boya ni moja na watu ni wanne, halisemi wamepanda wangapi.

Ikabaki kungoja wapande kwa vituo vyao, na hakuna kitu kigumu kama hicho, kwa sababu aliye chini hawezi kuharakisha hata kama juu mama yake anazikwa. Wagdi alihesabu kwa kunong'ona. Mita ishirini na moja, badili mtungi. Tisa. Sita. Hapo sauti ikamtoka. Hapo vuta mwanangu, alisema, hapo ni tupu, vuta ushibe. Baada ya dakika ishirini akamwambia apumzike, arudi kwenye mtungi mwingine dakika tano, asiwe mlafi. Akaongea naye hivyo mbele ya watu wote, kana kwamba binti amekaa hapo miguuni pake. Watalii walitupita na mbao zao za kuteleza kwa upepo wakamtazama. Niliwatazama mpaka wakaangalia njia yao.

Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Muitaliano. Cha pili pia. Wagdi alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na viatu vyake. Cha tatu kilikuwa na upara wa Sweilam. Halafu hakikutokea kitu, maji yakatulia, na nikamwahidi Mungu mambo ambayo mpaka leo sijayatimiza yote.

Rabab aliibuka mbele yao, karibu kabisa na ufuo, anavua mapezi. Akatembea kwenda kwa baba yake na mzigo wote mgongoni, alama ya miwani imemkaa usoni. Nilitegemea Wagdi atamuuliza kama yu mzima, kama alifika sitini na tano, kama amefaulu. Hakuuliza hata moja.

"Ilikutosha?" akamuuliza.

"Ilitosha, baba."

"Kumi na nane?"

"Kumi na nane. Ilitosha."

Wagdi akaketi pale pale majini, na nguo zake zote, akalia. Rabab akaketi pembeni yake, mitungi bado mgongoni.